Mguu Mmoja Nyuma

Kaa hapo, vuta kiti chochote cha kukunja kilicho wazi, mwenyewe akija utampisha, ndivyo wanavyofanya hapa, kaa usikie, maana Maretta ameshaanza kuimba, na wimbo ukishauanza duarani huwezi kuurudisha mfukoni, ameshafika pale wimbo unapokanyaga jiwe la pili la mto, lile linaloteleza, ndipo anaiona kofia, kofia ya kijivu kwenye pembe ya jicho la kushoto, na chini ya kofia bega moja limelala kuliko jingine, wala hana haja ya kugeuka, bega hilo analijua tangu lilipokuwa linalala upande wa ukutani kwenye kitanda kimoja na yeye, ni Corbin, mdogo wake, mtoto wa mama yake, karudi, kasimama nyuma yake na kasha la mandolini, kile kigita kidogo, mkononi kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, na mkono wa Maretta unaendelea kupiga gita wenyewe, mdomo unaendelea kuimba wenyewe, mdomo huu hauna akili, ungekuwa na akili ungenyamaza, ungesema jamani samahani nimesahau maneno, lakini atasahauje maneno, wimbo aliutunga bibi yao, mama yao aliuimba akikamua ng'ombe, akiosha masufuria ya shule, akiumwa, na watu wote waliosimama hapa wanajua kwamba Maretta Stallard anaweza kusahau jina lake mwenyewe lakini siyo wimbo huu, Mawe ya Kuvukia, basi anaendelea, jiwe la tatu, jiwe la nne, na ubeti unakwisha na Verlin anaingia na banjo lake upande wa kulia, tarararatatata, kama mvua ya mawe juu ya bati, na Maretta sasa mdomo umepumzika, na huo ndio ubaya wenyewe, mdomo ukipumzika kichwa kinaanza kazi.

Ndani ya ukumbi wa zimamoto kuna bendi iko jukwaani, suti nyeusi, maikrofoni moja, watu wamelipa kiingilio, lakini nusu yao wako huku nje, kati ya magari ya pikapu, jua la alasiri bado linapiga kwenye vioo, Septemba hii, wake za wazimamoto wanauza maharage na mkate wa mahindi dirishani, harufu ya vitunguu inakuja mpaka hapa, na huku nje ndiko muziki uliko, kila mtu anajua, ndani wanaenda kuangalia, huku wanakuja kupiga… na hapa hakuna mkubwa wala mdogo, fundi bomba yuko hapa, nesi yuko hapa, mchimba makaa ambaye mapafu yameisha anapiga ubeti mmoja anakohoa miwili, wa chama hiki na wa chama kile, watu ambao Jumatatu wakikutana kwenye mkutano wa shule watarushiana maneno mpaka mwenyekiti agonge meza, hapa wamesimama bega kwa bega wanapeana ishara kwa kichwa, zamu yako, zamu yangu, wewe piga, hapana mimi leo vidole vimekufa ganzi, haya mpe wa pembeni… na sheria ni moja tu, haijaandikwa popote, watoto wanaijua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, ukija na chombo chako hujipenyezi, unasimama nyuma ya watu, kasha limefungwa, unasubiri, na aliye mbele yako akitaka anarudisha mguu mmoja nyuma, mmoja tu, duara linafunguka, unaingia, asipotaka anakaza magoti, na wewe unamaliza chai yako baridi unaenda kutafuta duara jingine, hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyefukuzwa… na maduara mengine yapo, moja pale chini ya mti wa jozi, moja kule karibu na gari la maji, lakini Corbin hakwenda kule, kapita yote, kaja hapa, na hapa hakusimama nyuma ya mzee Hobart mwenye fidla ambaye anamfungulia hata paka, kaja kusimama nyuma yake yeye, kati yake na Bi Nila, na Bi Nila hawezi kusogea hata angetaka, lile besi lake kubwa kama kabati la nguo ameshalichomeka msumari wake ardhini, kwa hiyo ni Maretta, mguu ni wa Maretta, wa kushoto, na dunia nzima inajua.

Na dunia nzima inajifanya haijui, mwone Hobart, kainamia fidla kama anaikagua kupe, mwone Bi Nila anatazama mawingu, tangu lini Bi Nila anatazama mawingu, na Verlin, fundi magari huyu asiyeweza kunyamaza hata akiwa chini ya lori, anapiga zamu yake na huku anasogeza mdomo pembeni, "Retta, una mgeni."

"Nina macho."

"Nimesema tu."

"Piga banjo lako."

"Banjo linajipiga lenyewe. Mi nina wasiwasi na wewe, mwenzangu, umekaza shingo kama bata mzinga wiki ya sikukuu."

Angecheka, siku nyingine angecheka, Verlin ana dawa ya kuchekesha watu pasipochekesha, alimchekesha hata siku ile ya mazishi, alikuja na tai ya kuazima yenye picha ya samaki, akasema ilikuwa hii au ile ya Krismasi… mazishi, basi ndiyo hayo, alijua tu kichwa kitaenda huko, kikiachiwa kidogo kinakwenda huko kama ng'ombe na zizi lake… mama kitandani, mkono wake umebaki mifupa na mishipa, anasema msinipigie kile kinanda cha kanisa, kile kinalia kama ndama amekwama kwenye uzio, niimbieni nyie wawili, huu wimbo wetu, basi, halafu mkanizike mkale, na Corbin wakati huo alikuwa Tennessee na bendi yake ya suti, akapigiwa simu, akasema nakuja dada, Ijumaa nipo hapo, dada usiwe na wasiwasi, na Ijumaa ikaja bila Corbin, Jumamosi ikaja, vyakula vikajaa mezani, sufuria na mabakuli yote yamebandikwa plasta chini yenye jina la mwenyewe, akina Bi Nila walianza kuleta hata maiti haijapoa, kanisa likajaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha, mchungaji akaangalia saa, akaangalia mlango, akamwangalia yeye, na yeye akasema tuanze, akasimama peke yake mbele ya jeneza na gita, akaimba… na ilipofika kwenye kiitikio, kanisa zima likaingia chini yake, sauti nene, sauti za kati, Hobart, Verlin na samaki wake, Bi Nila, walimbeba, ni kweli walimbeba, bila wao angeanguka pale pale, lakini sauti ya juu, ile inayopanda juu ya wimbo kama moshi juu ya bomba la nyumba, ya Corbin, hakuna aliyeigusa, watu wote wale, waimbaji wote wale, wapo wenye kuifikia, hakuna hata mmoja… na yeye akaelewa, alielewa pale pale, kwamba wameliacha lile pengo makusudi, wazi, lisikike, ili Mungu na majirani wote wasikie nani hakuja, ni hukumu ile, watu hapa hawasemi mambo kwa mdomo, wanayasema kwa kuacha, na yeye aliishika hukumu ile kama mtu anavyoshika fimbo, imemsaidia kutembea miaka mitatu.

Na bado hajaisema ile video ya kwenye simu, kila mtu aliiona, usiku wa siku ile ile binti wa jirani akamwonyesha kwenye simu, Corbin jukwaani huko Tennessee, mchana wa mazishi, saa ya mazishi, suti nyeusi, tai nyembamba, wamezunguka ile maikrofoni moja, anasogea, anaimba juu, anarudi, anacheka, meno yote, anacheka! halafu baadaye ujumbe, nisamehe dada nilishindwa, basi, maneno hayo tu, ulishindwa nini, kuendesha gari? ulishindwa kumwambia bosi wako mama yangu kafa? alimwandikia hivyo, hakujibu, na mwaka ukapita, na mwingine, akasikia bendi imevunjika, akasikia anauza matairi huko, akasema vizuri, akasema vizuri na usiku akaona aibu kwa kusema vizuri… haya, kiitikio sasa, Verlin kamaliza, imba.

Nishike tusianguke, anaimba, nishike… na hapo kabla ya *tuvuke* kuna pumzi, bibi aliiweka pumzi pale, lazima unyamaze kidogo kama mtu anayepima jiwe kwa kidole cha mguu, halafu *tuvuke*, neno linavutwa mpaka ng'ambo… na anapoingia kwenye *tuvuke* sauti ya juu inatokea, wazi, safi, juu yake kabisa, lakini siyo ya nyuma, inatoka mbele, ni mgeni mwingine, daktari wa meno aliyekuja kutoka mjini na gita linalong'aa mpaka unajiona, Verlin alimfungulia mguu leo hii hii hata jina hajamuuliza, na bwana huyu kumbe anaimba, anaimba vizuri, kafumba macho, kafurahi, na Maretta anamwona Hobart ameinua upinde wa fidla nusu na kuuacha hewani, anamwona Bi Nila ameacha mawingu, na Verlin anageuka taratibu, bila ubaya, kama mtu anayemwambia mwenzake kuna tope kwenye kiatu chako.

"Bwana," anasema, chini ya muziki, "hiyo ina mwenyewe."

"Eh?"

"Sauti ya juu. Kwenye huu wimbo. Ina mwenyewe."

Na bwana wa watu anakuwa mwekundu mpaka kwenye masikio, anashuka mara moja, anaimba ya kati na wenzake, na kiitikio kinakwisha na Hobart anachukua fidla, inalia polepole, na daktari anainama upande wa Maretta, anasema, "Samahani sana, sikujua. Nilisikia wewe umekwenda chini sana, huko juu pamebaki peupe kabisa, nikadhani mtu yeyote anaweza kuingia."

"Hamna shida."

"Nyie wenyeji ndio mnajua."

"Nimesema hamna shida, bwana."

Lakini shida ipo, shida ndiyo hiyo hapo, imekaa, imevua viatu, hiyo ina mwenyewe, Verlin kasema mbele ya watu, na hakuna aliyemkatalia, hakuna aliyeuliza nani, wote wanajua ni nani, kwa hiyo… kwa hiyo siyo leo tu, miaka mitatu yote hii kila akiuanza huu wimbo, hapa, kwa majirani akina Kilgore, kwenye maonyesho ya kaunti, watu wanaingia chini yake na juu hakuna mtu, na yeye alikuwa anaenda nyumbani akisema mwone, hawajasahau, wako upande wangu, na kumbe hawakuwa upande wowote, kumbe walikuwa wanamtunzia Corbin! wanamwekea kama mtu anayewekewa sahani ya chakula na kufunikwa kwa sahani nyingine, atakuja, atachelewa lakini atakuja, na siku ile kanisani… siku ile pia? siku ile pia walimtunzia? mbele ya jeneza, Maretta anakufa pale amesimama, na wao wamenyamaza juu siyo kwa kumhukumu mtu bali kwa sababu ni ya mtu, kama vile huwezi kuvaa koti la mtu kwa sababu tu hajafika… anataka kuwatukana wote, Hobart, Bi Nila, huyu Verlin na midomo yake, anataka kusema nani aliwatuma, nani aliwaambia anarudi, mimi sikuwaambia, mimi ndiye niliyebaki, mimi ndiye niliyemgeuza mama kitandani, mimi ndiye niliyerudisha mabakuli ya watu moja moja mpaka plasta zikaisha, na nyie mnamtunzia yeye nafasi.

Na watu hawa hawana kipimo, hilo ndilo tatizo lao, wakimfungulia mtu wamemfungulia, Purvis alipotoka jela alisimama nyuma ya duara hili hili na kasha lake, na nani aliyerudisha mguu? yeye, Maretta, Purvis ambaye kabla ya jela alimgongea mbwa wake na lori akaendelea na safari, mbwa mzuri yule, na yeye akarudisha mguu bila hata kufikiri, kwa sababu mtu kaja na chombo, ukishakuja na chombo ukasimama unaomba, utamfanyaje mtu… lakini Purvis ni Purvis, Purvis hakuahidi kitu, Purvis hakulala upande wa ukutani, Purvis mama hakumweka barazani na beseni la maharage mabichi katikati ya miguu, kuvuta nyuzi na kuvunja, kuvuta na kuvunja, na huku anagawa sauti kama anagawa viazi, Retta we shika njia, Corbin we panda ukutani, mwenzako akitembea njiani we tembea juu ya ukuta, usimkanyage, na Corbin na meno yake ya mbele yametoka anasema mama nikianguka je, na mama anasema dada yako yuko chini, utamwangukia yeye.

Ubeti wa pili huu hapa, Hobart kampa kichwa, imba Retta, imba, na anaimba, maji yamepanda, jiwe halionekani, unakanyaga kwa kukumbuka, na anajisikia mwenyewe anavyoimba, kitu ambacho hajakifanya kwa muda mrefu, anasikia sauti yake ilivyo chini, inakwaruza huko kwenye sakafu ya koo, inatafuta maneno gizani, kweli yuko chini sana, daktari wa meno kaja kutoka mjini kasikia mara moja, na yeye hajasikia miaka mitatu… ni ile noti ya kuanzia, G, si ndiyo, Retta akiuita huu wimbo watu wanakwenda G, hata hawaulizi, na G siyo yake, G haijawahi kuwa yake, koo lake lingetaka C, hata D, juu zaidi, akiwa peke yake jikoni akiosha vyombo anaimba nyimbo nyingine huko juu anapasua vioo, G waliichagua kwa ajili ya Corbin, mama aliichagua, kwa sababu Corbin lazima akae juu ya dada yake na dada asiposhuka mtoto atapasuka mishipa, shuka Retta, shuka kidogo, mpe mwenzako pa kusimama, na akashuka, akiwa msichana mdogo akashuka, sawa, ilikuwa na maana wakati ule, lakini mwaka jana? mwezi uliopita? kanisani? kanisani alikuwa peke yake, alijua yuko peke yake, mlango umeshafungwa, mchungaji ameshasema amina, si angepanda tu, si angebana nyuzi za gita huko juu akaimba kwa koo lake na lile pengo lisingekuwepo kabisa, hakuna pengo juu ya mtu aliyekwenda juu, na alianza wapi? alianza G… basi nani alimtunzia nafasi? Hobart? Verlin? wao walinyamaza tu, kunyamaza ni rahisi, yeye ndiye aliyejishusha, kila wimbo, kila Jumamosi, miaka mitatu anamchukia mtu na koo linamtandikia kitanda.

Na sasa anakuja mahali penye pumzi tena, nishike tusianguke, nishike… na hapo, kwenye ile pumzi, mahali ambapo wote wananyamaza na hata besi linashika moyo, anasikia nyuma ya bega lake la kushoto mtu anavuta hewa, kwa pua, haraka, na kile kimluzi kidogo ambacho Corbin amekuwa nacho tangu alipoanguka kwenye ghala akavunja pua, anavuta hewa yote ya wimbo, pale pale panapostahili, na *tuvuke* inaanza, na hakuna sauti, ameivuta hewa na ameishika, haimbi, hataimba, hajafunguliwa, kasimama huko nyuma na kifua kimejaa mpaka neno lote linapita, linafika ng'ambo, ndipo anaiachia, taratibu, anaisikia shingoni kwake kama mtu amepuliza mshumaa… na angeweza kuimba, hilo ndilo linalomkata, hakuna ambaye angemkamata, angeimba huko huko nyuma yakaisha, yule anayecheka kwenye maikrofoni angeimba, mwizi angeimba, lakini huyu kashika sheria, kasimama nje ya duara la nyumbani kwao kama mgeni aliyetoka mjini, ameisubiri idhini ya dada yake hata ya kupumua.

Hasira ipo bado, usidhani, haijaenda popote, imehama chumba tu, na kitu anachokiogopa ndicho kile kile alichokuwa anakiogopa tangu alipoiona kofia, ila sasa anakiona sura, haogopi kwamba wataanza kugombana mbele ya watu, kugombana angejua pa kuanzia, anaogopa *tuvuke*, anaogopa kile kitu kinachotokea wakiimba wawili, mama alikuwa akiacha kuvunja maharage, watu jikoni walikuwa wanaacha vijiko, kwa sababu ndugu wakiimba sauti zinashikana zenyewe, hazina habari na wenyewe, zinagusana huko juu na inatokea mlio wa tatu ambao hakuna anayeuimba, na akishausikia huo mlio atakuwa amekwisha, atakuwa amemsamehe kabla hajamsamehe, sauti zitapatana na yeye hajapatana naye, na hajamuuliza, hajamwambia hata neno moja kati ya yale aliyoyapanga akikamua, akiendesha gari, akilala, ulishindwa nini Corbin, ulikuwa unacheka nini, hajamwambia mama alikuita, na yeye anataka kwanza yajibiwe hayo, ni haki yake, si ni haki yake? mtu aingie kwa mlango, siyo kwa wimbo… lakini akimaliza wimbo akamgeukia, watasema nini, watasema hujambo dada, sijambo, gari limekusumbua njiani, halikunisumbua, na Corbin hajui kuongea, hakuwahi kujua, na yeye pia hajui, huko kwao hakuna aliyefundishwa kuongea, walifundishwa sauti.

Verlin amerudi na banjo, zamu ya mwisho, na anapiga taratibu safari hii, Verlin huyu anayekimbiza kila kitu, anavuta muda, anampa muda, anazunguka ile njia mara ya pili ambayo hakuhitaji kuizunguka, na hakuna anayelalamika, Hobart anamfuata, daktari wa meno hajui kinachoendelea lakini anafuata, Bi Nila anapiga noti moja, moja, moja, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa, na bila kumtazama anasema, "Ubeti umebaki mmoja, mwanangu."

"Najua, Bi Nila."

"Najua unajua."

Na nyuma hakuna kilichobadilika, kofia, bega, kasha limefungwa, hajasogea mbele wala nyuma, na mbele hakuna kilichobadilika, jua liko pale pale kwenye kioo cha pikapu, mwanamke wa dirishani anaita nani kaagiza maharage bila kitunguu, mguu wa kushoto wa Maretta uko kwenye nyasi, mzito, kisigino kimeingia kidogo kwenye udongo laini, na anajua sasa kwamba huo mguu ndio kitu pekee alichobakiwa nacho ambacho hakijampa mtu nafasi, koo limeshatoa, zamani, bila kumuuliza, na akiukaza pale ulipo wimbo utakwisha kama ulivyokwisha siku zote, na Corbin atamaliza kusimama kwake, atasema asanteni jamani, ataenda kwenye gari lake, sheria haimruhusu kuuliza kwa nini… na Verlin anainua macho kutoka kwenye banjo, hana utani usoni, anampa kichwa, zamu yako, na Maretta anavuta hewa, na ya nyuma yake inavutwa pamoja naye, na ubeti ni mmoja, na baada ya ubeti kiitikio, na niambie, wewe ungekuwa umesimama pale na hujajibiwa hata swali moja, ungerudisha mguu kwanza, maswali yaje baada ya wimbo, au ungemwacha na kasha lake mpaka na wewe moyo wako ufike?